Shajara ya ujenzi Kinyerezi: bafu la chini liwepo au lisiwepo

Julai. Msingi umesimama, jamvi bado

Hizi ni kumbukumbu za ujenzi wa nyumba yetu Kinyerezi, naziandika ili mwenye kujenga ghorofa aone tumefanya nini na sababu yake, maana ukiwa saiti unapewa ushauri mwingi sana ila sababu husikii. Nyumba ni ghorofa moja. Kiwanja ni chembamba, kina mlima, kinapanda kuelekea nyuma na kushuka kuelekea barabarani, ndo maana tukaamua kwenda juu badala ya kutanuka. Mpaka sasa ukuta wa msingi umefika kimo chake, bimu za msingi zimemwagwa, nguzo zimeanza kupanda, kifusi kinaingia na kushindiliwa. Jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, nimelisimamisha kwanza kwa sababu kuna swala moja halijaisha pale nyumbani: chini tunaweka choo na bafu au hatuweki?

Ramani ya kwanza ilikuwa na vyumba vyote vitatu juu, masta ina choo chake na vyumba viwili vina choo cha pablik kwenye korido. Chini kuna sebule, dining, jiko, stoo na ngazi basi. Mchora ramani akasema sebule itapumua, na familia ya watu watano vyoo viwili vinatosha. Hoja yake inaeleweka na ramani kwa kweli ni nzuri kuiangalia.

Ila bomba la choo ni nchi 4 na linalala chini ya jamvi. Ukishamwaga zege ndo basi, siku ukibadili mawazo unapasua jamvi, unakata waya mesh, unatoboa ile nailoni iliyozuia unyevu, unafukua kifusi ambacho ulilipa watu wakishindilie. Ukuta wa ndani unaweza kuuhamisha hata baadaye kwa sababu mzigo wa nyumba uko kwenye nguzo na bimu, ukuta ni wa kugawa vyumba tu, lakini bomba la choo halihami kirahisi hivo. Kwa hiyo swala hili linaamuliwa sasa hivi, kabla lori la kokoto halijaja.

Jumapili. Kikao cha familia

Leo tumekaa mimi, mke wangu, shemeji na mama ambaye amekuja toka Tanga kwa ajili ya kliniki ya magoti. Nimeandika kila hoja maana nilitaka kila mtu asikilizwe.

Shemeji yeye hataki. Anasema bafu la chini litakula sebule, na sebule ndo sura ya nyumba. Tena linaongeza gharama ya mabomba, tailizi, mlango, dirisha la kuweka grili, na usafi wa kila siku. "Shemeji, hiyo hela malizia jiko," akaniambia. Sio maneno ya kupuuza, hela ya ujenzi inakata watu wote, na nimeona nyumba zimekaa na nondo zinaota kutu juu kwa sababu mwenye nyumba aliongeza ongeza vitu huku chini.

Mama akanyamaza muda mrefu alafu akasema, "Mwanangu, mi nikija kukaa kwenu na haya magoti, usiku nikibanwa nifanyeje?"

Ngazi yetu ina hatua 18, kila moja sentimita 17. Mchana anaweza kupanda taratibu ameshika ukuta. Usiku, taa imekatika, amebanwa, hapana. Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka ni sababu ya pili duniani ya vifo vya ajali baada ya ajali za barabarani, watu kama 684,000 kwa mwaka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mtu ana mama mzee hawezi kuiona hiyo namba akaendelea kuongelea ukubwa wa sebule.

Nikawaza pia kwa nini wazazi wetu hawakuwahi kubishana juu ya jambo hili. Nyumba ya Kiswahili, zile za Magomeni, Ilala na Kariakoo ya zamani, ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, unatokea uani kwenye jiko na choo na bafu. Vyote viko ardhini. Mgonjwa anafika, mtoto anafika, mgeni anafika bila kupita chumbani kwa mtu. Ghorofa ndo imeleta swali. Wapwani waliojenga kwenda juu toka zamani, kama Lamu, walikuwa na vyoo juu kabisa na shimo refu linashuka ndani ya jengo, lakini mgeni walimpokea daka la mlangoni asipande kwenye vyumba vya familia. Yaani walishafikiria nani anafika wapi. Sisi tunachukua ghorofa lakini mgeni tunampandisha mpaka mlango wa chumba cha kulala cha mwenye nyumba, na hapo ndipo panaponikera mimi hasa.

Fikiria baba mkwe amekuja. Amekula, anataka kutawadha aswali adhuhuri. Utamwambia apande juu apite korido ya vyumba ambapo binti yake na mkwe wake wanalala, nguo zimeanikwa mlangoni? Hatapanda. Atasema anawahi, ataondoka. Au msiba umetokea, Mungu atuepushe, wakinamama wamejaa sebuleni na kwenye mkeka mpaka uani siku ya kwanza mpaka arobaini, wote hao wanapanda juu kwenda chooni? Fundi saiti, dada wa kazi, watoto wametoka kucheza kwenye tope, wote wanapita kwenye ngazi na miguu yao. Mke wangu alikuwa upande wa kaka yake mpaka tulipofika kwenye hili la msiba, akasema basi, chini kiwepo, ila kisifungue mlango sebuleni.

Alafu kuna maji. Hili shemeji lilimgusa kwa sababu anakaa sehemu yenye mgao. Tanki letu litakaa juu ya mnara mfupi juu ya slabu ya paa la nyuma. Maji yanashuka kwa uzito wake, na kila mita 10 za kimo ndo zinatoa presha ya baa 1. Bafu la juu likiwa mita 2 chini ya tanki linapata baa 0.2, hapo shawa inatiririka kinyonge tu mpaka uwe na pampu. Bafu la chini liko kama mita 5 chini ya tanki, linapata baa 0.5, unaoga vizuri hata umeme ukiwa umekatika. Na siku tanki limekauka kabisa, tunarudi kwenye ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hatua 18, mara ngapi kwa siku kwa familia ya watu watano? Anayebeba ni nani? Mara nyingi ni mama mwenye nyumba au dada wa kazi, na hao hawakuulizwa wakati ramani inachorwa.

Kikao kimeisha na uamuzi: chini kunakuwa na choo na bafu.

Jumatano. Kachoo ka chini ya ngazi au bafu kamili

Mchora ramani amekuja na injinia. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa kachoo chini ya ngazi, sentimita 90 kwa mita 1 na nusu, sinki la choo na kabeseni ka kunawia. Ni njia ya bei rahisi na kwa mgeni wa saa mbili inatosha. Lakini hakuna dirisha, harufu inategemea feni, na unaposimama kichwa kinakaribia zege la ngazi. Kubwa zaidi, huwezi kuoga mle. Mama akija kukaa mwezi atajisitiri chini alafu apande kuoga juu, sasa tumemsaidia nini?

Uingereza na Wales toka 1999 kanuni za ujenzi zinataka nyumba mpya ya kuishi iwe na choo kwenye usawa wa kuingilia, ili mgeni mwenye ulemavu aweze kutembelea. Ni kima cha chini na wanaita choo tu, kuoga hawajalazimisha. Huku kwetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inazungumzia majengo ya umma, nyumba yako binafsi ni wewe na dhamira yako. Mimi nimeona bora tuvuke hicho kima cha chini, kwa sababu mgeni anakuja saa mbili ila mzazi anakuja kukaa, na siku moja mzazi ni mimi mwenyewe.

Tulichokubaliana: stoo inafutwa, dining inapunguzwa kidogo, tunapata chumba cha mita 3 kwa 3.3 ambacho kwa sasa kitakuwa cha kusomea watoto na mama akija kinakuwa chumba chake. Pembeni yake bafu la mita 1.7 kwa 2.4. Milango yote miwili inafungukia kakorido kadogo karibu na mlango wa nyuma, kwa hiyo mgeni anatoka sebuleni anaingia bila kupita chumbani kwa mama, na mama anatoka chumbani hatua chache yumo. Tulijadili kufanya iwe self ya mama peke yake, mi nikakataa, maana tungekuwa tumerudi pale pale mgeni anapita chumbani.

Sebule imepungua. Bado makochi yanaenea. Shemeji ameitazama ramani mpya akasema sawa.

Karatasi zilizobadilishwa zimerudishwa halmashauri kuungana na kibali.

Ijumaa. Shimo limehama toka nyuma kuja mbele

Hii ndo sehemu watu hawaielezi na ndo yenye shida kuliko zote, kwa hiyo ntaieleza taratibu.

Kinyerezi kwetu hakuna bomba la majitaka la mtaa, kila mtu ana shimo lake la septiki na shimo la pili ambalo maji yake yananywewa na ardhi. Kwenye ramani ya kwanza shimo lilikuwa nyuma ambako kiwanja kinapanda. Kwa vyoo vya juu hiyo haina shida, maji yanashuka toka mita 3 huko, yana kimo cha kutosha kwenda popote. Kwa choo cha chini hesabu inabadilika. Bomba la nchi 4 tunalipa mteremko wa 1 kwa 40, yaani kila mita moja linashuka sentimita 2 na nusu. Linaanza kama sentimita 40 chini ya sakafu, tukienda nayo mita 12 mpaka nyuma linashuka 30 zaidi, linaingia shimoni sentimita 70 chini ya sakafu. Shimo zima inabidi lizame zaidi.

Kuchimba zaidi ni hela tu. Tatizo la kweli ni masika. Ardhi ya nyuma iko karibu sawa na sakafu ya nyumba. Shimo likijaa, au ardhi ikishiba maji isinywe tena, majitaka yanatafuta tundu la chini kuliko yote yatokee. Nyuma kule mfuniko wa shimo uko usawa wa sakafu, sasa kabla hayajamwagika nje yatakuwa yameshatokea kwenye mtego wa maji, lile tundu la sakafuni la kutolea maji, kwenye bafu la mama. Watu wengi wanaosema "choo cha chini kinanuka, kinarudisha" wanalia na hili, na wanailaumu chini badala ya kulaumu vimo.

Injinia akasema tuhamishie mbele. Mbele ya nyumba ardhi iko sentimita 60 chini ya sakafu na inazidi kushuka hadi getini. Bomba linashushwa kwanza mpaka chini ya usawa wa ardhi ndo linatoka, na mifuniko ya chemba zote, vile vishimo vya kukagulia bomba, inakuwa chini kabisa ya sakafu ya bafu. Ikitokea kuziba, maji yatamwagikia nje kwenye chemba, utayaona, utaita watu, ndani kunabaki salama. Pia gari la kunyonya majitaka linafika getini tu mpira unaenea. Na jirani wa nyuma ana kisima, na ushauri wa kawaida ni shimo likae angalau mita 30 toka kisimani, nyuma kule tusingezifikisha. Mfuniko wa septiki unasukwa nondo nzito kwa sababu gari litapaki juu yake.

Agosti. Mabomba yamelala

Fundi bomba kafanya kazi safi, niliomba kila kitu kipigwe picha kabla ya kufukiwa.

Choo cha chini kimepewa bomba lake peke yake hadi chemba ya kwanza. Tungeweza kukiunga kwenye lile bomba la wima linalotoka juu, ni karibu zaidi, ila mtu akivuta maji juu yale maji yakifika kwenye kona ya chini yanasukuma hewa mbele yake na ile hewa inabubujika kwenye choo cha chini. Bomba la juu limepanda mpaka juu ya paa kwa ajili ya kupumua. Maji ya kuogea nchi 2 yanapita kwenye mtego kwanza. Kwenye msingi tumetoboa tofali chini ya bimu, bimu yenyewe haikuguswa, injinia alisimama pale mpaka tundu likaisha.

Mama akauliza kwa simu choo kinaangalia wapi. Swali zuri na limekuja wakati wake, kwa sababu ukishamwaga jamvi mdomo wa bomba ndo unaamua sinki likae vipi. Kwa Dar kibla iko karibu kaskazini moja kwa moja. Tumeligeuza sinki liangalie mashariki, mtu asikielekee kibla wala asikipe mgongo.

Tumeziba midomo ya chini tukajaza bomba maji, tukaacha usiku kucha. Asubuhi kimo kilikuwa pale pale. Midomo imefungwa nailoni na kamba ili zege na kokoto zisidondokee ndani.

Jamvi limemwagwa Jumamosi. Linamwagiliwa asubuhi na jioni.

Septemba

Ukuta wa chini umefika lenta. Slabu inasukwa nondo. Bafu la pablik la juu limekaa juu kabisa ya bafu la chini, mabomba yanashuka kwenye kishimo kimoja chenye kamlango ka kukagulia. Faida yake ni hata siku bafu la juu likivuja, linavujia bafuni, dari la sebule linabaki kavu.

Oktoba. Vuli imeanza

Mvua ya nguvu wiki hii. Chemba zimebaki kavu, kiwanja kinapeleka maji barabarani kama ilivyokusudiwa. Fundi mmoja alitaka maji ya paa yaunganishwe kwenye chemba ya choo ili kuokoa bomba, nimekataa. Paa linakusanya maji mengi kwa muda mfupi, ukiyapeleka kwenye septiki unaijaza mwenyewe kwa mikono yako. Maji ya mvua yana mfereji wake, na mengine yataingia kwenye tanki la chini la kumwagilia.

Novemba. Ndani ya bafu

Slabu imekauka, plasta ya chini imeisha, sa hivi tuko kwenye bafu la chini peke yake kwa sababu nataka liishe vizuri kabla hatujagusa juu.

Mlango. Milango mingi ya vyoo inawekwa ya sentimita 70. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa 60 hadi 70, ukiongeza mikono ya anayekisukuma magurudumu hakipiti. Tumeacha uwazi wa 90 kwenye ukuta ili ukiondoa fremu zibaki zaidi ya 80 za kupita. Na mlango unafunguka kwa nje. Mtu akianguka ndani akaegemea mlango unaofunguka kwa ndani, hamuwezi kumfikia, mtavunja mlango huku yeye yuko nyuma yake. Fundi mlango alibisha kwamba haipendezi koridoni, nikamwelezea hiyo sababu, akasema ataenda kubadilisha na kwa mama yake.

Sakafu haina kizingiti wala ukingo wa shawa. Yote ni usawa mmoja na korido, mteremko umeanzia mlangoni kwenda kwenye mtego kona ya shawa, kama sentimita 2 kwa mita. Tumejaribu kwa ndoo, maji yote yanakimbilia kona, hakuna dimbwi. Ukihesabu na sakafu ya shawa yenyewe, umebaki uwazi wa mita 1 na nusu ambao kiti cha magurudumu kinageuka.

Sinki ni la kukaa. Mke wangu angependa la kuchuchumaa kwa ajili ya wageni wengi, wapo wasiopenda kukaa kwenye sinki la watu. Kwa magoti ya mama halifai kabisa. Tutaweka la kukaa hapa, lenye kimo cha sentimita 45 hadi 48, na bomba la kutawazia upande wa kulia ambapo mkono unafika bila kujipinda. La kuchuchumaa litajengwa uani baadaye kwenye banda la kufulia, mabomba yake yameshaachwa.

Vyuma vya kushikia bado havijafungwa ila sehemu zake zimepimwa, pembeni ya sinki na ndani ya shawa, sentimita 75 toka sakafuni. Ukuta ni bloku nzima za nchi 6 kwa hiyo bolti zitashika. Tailizi za ukutani zinaweza kuteleza zitakavyo, za chini nimechagua zenye mikwaruzo, mama kazikanyaga dukani na miguu iliyolowa nikimwomba muuzaji maji ya chupa.

Kabeseni ka kunawia kamewekwa chini kidogo kuliko kawaida na pembeni yake kuna kajukwaa ka kukaa na bomba la chini la kutawadhia miguu, kwa sababu kunyanyua mguu kwenye beseni ndo kunawaangusha wazee wengi.

Wiki hii

Dawa ya kuzuia maji imepakwa mara mbili sakafuni na ukutani kwenye shawa mpaka kimo cha mtu. Leo tumeziba mtego tukajaza maji sakafuni, fundi amepiga alama ya penseli kwenye kimo cha maji. Kesho asubuhi tunaangalia, pamoja na kupapasa ukuta wa upande wa chumba kama una unyevu. Ikiwa kavu tailizi zinaanza Alhamisi. Vyuma vya kushikia vinafungwa baada ya tailizi, swichi ya taa inakuwa nje ya mlango na nyingine karibu na kitanda cha mama, na hita ndogo nimeshaagiza maana kwa mwenye magoti maji ya moto sio anasa. Fremu ya mlango bado iko kwa fundi seremala, ameahidi Jumamosi.